Nilifuata James Brown Kenyatta Market, nikarudi na Mombasa

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda asome hapa aende zake: Real Vinyl Guru, duka la santuri, kibanda namba 570, Kenyatta Market, Nairobi, nawapa tisa kwa kumi, na hiyo moja niliyobana ni hasira za mfuko wangu tu, wao hawana kosa. Mwenye muda tukae, maana hii stori inaanzia mbali.

Mi ni mtu wa hip hop. Nimekulia Temeke miaka ya tisini, kanda zikiwa bado kanda, unarudisha utepe kwa kalamu ili usimalize betri, na jioni ukisikia DJ Show ya Radio One inaanza unakimbia na kanda yoyote iliyo karibu urekodi juu yake, ndo maana mpaka leo mama ananidai kwaya yake ya Krismasi iliyokatwa katikati na kundi la rap la Kwanza Unit. Kabla ya hapo kulikuwa na Saleh Jabir na ile Ice Ice Baby yake ya Kiswahili, wakubwa zetu waliishika hatari, halafu akaja Tupac na hapo ndo wengine tukapotea mazima. Dar ya wakati ule Tupac alikuwa nyuma ya daladala, kwenye kuta za saluni za kiume, kwenye majalada ya madaftari. Dear Mama tulikuwa tunaiimba yote bila kujua nusu ya maneno, mtu analia machozi ya kweli kwa Kiingereza cha kubahatisha.

Ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba zile biti zina wazazi. Kwamba prodyuza kakaa na santuri ya mtu mwingine, ya zamani, kakata kipande kidogo, kakizungusha mpaka kikawa wimbo mpya. Hayo nimekuja kuyajua mtu mzima, intaneti ipo, na tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa. Nikisikia wimbo natulia nautafutia ukoo wake kwanza, kucheza baadaye. Mke wangu anasema kuishi na mimi ni sawa na kuishi na mpelelezi.

Sasa mjomba ndo akaja kunimalizia. Mjomba alikuwa kijana wa Ilala miaka ya sitini na anapenda sana kuhadithia kwamba soul, muziki ule wa Wamarekani weusi, iliwahi kupigwa marufuku Dar. Miaka yote nilijua anapiga chai, wazee wetu tunawajua. Kumbe kweli bana! Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulikataza soul kwenye madansi, ni enzi zile za Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU unakimbizana mitaani na vimini, mawigi na suruali za kubana. Mjomba anasema wao kucheza soul walikuwa wanaita kudigi, na ukishapigwa marufuku ndo unadigi vizuri zaidi, chumbani, sauti ndogo, mmoja kasimama dirishani.

Halafu shika hapa. Mwezi huohuo, tarehe 20 Novemba 1969, James Brown na bendi yake wako studio kule Cincinnati wanarekodi Funky Drummer. Katikati ya wimbo vyombo vyote vinanyamaza, mpiga ngoma Clyde Stubblefield anaachiwa uwanja peke yake kwa sekunde kadhaa tu, na hizo sekunde ndo zikaja kukatwa na kuzungushwa na hip hop karibu yote ya Marekani, Public Enemy wamo, N.W.A wamo, orodha haiishi. Clyde hakuandikwa kama mtunzi, kwa hiyo hela za kusampo, yaani huko kukatwa na kuzungushwa, zikampita kwa mbali, akafariki 2017. Yaani ile ngoma iliyonilea mimi Temeke ilipigwa wiki zilezile mjomba anafungiwa soul Ilala. Nilipoligundua hilo nilikaa kitandani kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Kwa hiyo nikawa natafuta kitu kimoja tu, In the Jungle Groove ya James Brown, ile ya 1986, maana Funky Drummer ilitoka 1970 kama sahani ndogo ya 45 na haikuwekwa kwenye albamu yoyote mpaka mwaka huo, kampuni ilipoona watoto wa hip hop wanaihangaikia. Nikauliza Dar, kila mtu ananijibu nenda Nairobi. Na ukifikiria inaeleweka, kiwanda cha kuchapa santuri kilikuwa Nairobi, hata bendi zetu za Tanzania nyimbo zao zikienda kwenye sahani zilikuwa zinachapwa huko, halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na mzigo mwingi ukabaki upande wa pili.

Basi ikatokea harusi ya binamu yangu Nairobi, nikasema hii ni ishara.

Kenyatta Market ukiambiwa ni soko la muziki utabisha. Ukifika unapokelewa na moshi wa nyama choma, ule moshi wa maana unaoingia mpaka kwenye soksi, na ukipita upande wa pili ni wasusi, vibanda kwa vibanda, wanaita wateja kwa fujo. Mdogo wake bibi harusi aliyenisindikiza ameitwa kama mara kumi na tano aje asuke na kichwa alikuwa ametoka kusukwa jana yake. Katikati ya hiyo vurugu ndo kuna kibanda 570. Hutakiona kwanza, utakisikia. Sisi tulisikia besi, tukaifuata kama mtu anayefuata harufu ya pilau.

Mwenye mali ni James Rugami, wengi wanamwita Jimmy, na yuko kwenye hii biashara ya santuri zaidi ya miaka 30, yaani aliendelea kuuza kipindi chote ambacho dunia nzima ilikuwa inasema santuri zimekufa, watu wanatupa, wanafanya saa za ukutani. Mle ndani ni sahani kutoka sakafuni mpaka juu, soul, fanki, reggae, rumba, benga, gospo, na mashine za kuchezea. Mkiingia watu wanne mnakuwa familia. Mi nilipapenda hapohapo, ila kama una begi kubwa mgongoni livue, utaangusha historia ya mtu.

Kilichonipa raha kuliko vyote ni kwamba unasikiliza kwanza. Unachomoa, inawekwa, sindano inashuka, unasikia mwenyewe imechoka kiasi gani, ndo unaamua. Labda kwako ni jambo dogo. Mi niliwahi kununua sahani tatu kwa muuzaji mmoja mtandaoni, simtaji, picha zinang'aa kama bati jipya, zimefika moja imepinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango na nyingine mle ndani kuna kwaya ya Kijerumani. Nikampigia, simu inaita tu. Kwa hiyo kuona mtu ananiambia mwenyewe "hii ya James Brown imechoka, sikiliza kabla hujalipa" nilitamani kumkumbatia.

Maana James Brown alikuwepo, tena wengi. Jungle Groove ndo haikuwepo siku hiyo. Nikachukua 45 moja ya James Brown yenye mikwaruzo, nimeambiwa ina mikwaruzo, nimesikia mikwaruzo, na nimeinunua. Inasikika kama kuna mtu anakaanga vitunguu nyuma ya bendi. Sijutii hata kidogo.

Ndo nikaanza kuchimba. Sijui nielezee vipi hii hali kwa ambaye hajawahi, vidole vinatembea kwenye majalada, vumbi linapanda, macho yanapita sura za watu wenye afro na makoti yenye kola kama mabawa, tisini na tisa hazikuhusu, ya mia inakusimamisha moyo. Ya mia kwangu ilikuwa The Spinners, New and Improved, 1974. Jina halikuniambia kitu, nilivutwa na mwaka tu. Nikaomba iwekwe, tukaruka ruka nyimbo, tukafika kwenye moja inaitwa Sadie, jamaa anamwimbia mama yake aliyekufa, taratibu, bila haraka, na mi huku nimesimama na mdomo wazi kwa sababu kile kiitikio nakijua. Nakijua tangu nina miaka kumi na kitu. Ndo kile kilichoingia kwenye Dear Mama.

Aisee. Mi na umri wangu huu nilijifanya vumbi limeingia machoni.

Na haikuishia hapo. Baadaye nimesoma nikakuta haohao The Spinners walipanda ndege wakaja Kinshasa Septemba 1974, lile tamasha la siku tatu lililoandaliwa kusindikiza pambano la ngumi la Ali na Foreman, pambano lenyewe likasogezwa mpaka 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, ila wanamuziki wakapiga hivyohivyo. James Brown alikuwepo, Bill Withers alikuwepo, B.B. King, Celia Cruz, na kwa upande wa wenyeji Franco na Tabu Ley. Yaani wakati sisi tunaamini Tupac katuletea kitu kutoka ng'ambo ya bahari, wenye sauti ile walishakuja kuipiga hapo ng'ambo ya ziwa Tanganyika kabla sijazaliwa.

Sasa nikiwa bado nafuta vumbi la uongo, kulikuwa na mzee mmoja mteja kakaa kwenye kistuli pembeni, kofia ya kiua, muda wote ananitazama tu. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe watoka Dar."

"Umejuaje?"

"Hapa Nairobi hakuna kijana aniamkiaye shikamoo," akacheka. Ni mtu wa Mombasa, kaja Nairobi kwa wajukuu, na wajukuu wakienda shule yeye huja kusikiliza muziki. Akanyoosha kidole kwenye rundo nililoshika. "Wamarekani watupu. Slim Ali wamjua?"

"Hapana mzee, simjui."

"Basi hujaanza."

Hilo neno limenichoma na lilinistahili. Slim Ali, kwa wasiojua kama mimi nilivyokuwa, ni mtoto wa Mombasa, miaka ya sabini alikuwa mbele ya bendi ya Hodi Boys anaimba soul kwa Kiingereza na sauti ile ukifumba macho unaweza kuapa umeshushwa Memphis. Mzee akamwomba kijana wa pale atafute kwenye maboksi ya 45 za hapahapa, ikapatikana, ikawekwa. Nilitegemea kuiga. Unajua ile, bendi ya hotelini inayopiga nyimbo za watu ili watalii wale chakula vizuri. Kilichotoka ni kitu kingine, tarumbeta zimekaza, gitaa linachekecha, besi inatembea kama mtu anayejua anakokwenda, na juu yake jamaa anaimba kama anadaiwa.

"Sikiza hapo," mzee ananiambia, kafumba macho, "sikiza hapo mpiga ngoma."

Nikasikiza hapo. Sekunde nne hivi za ngoma tupu. Breki safi kabisa, ya kukata na kuzungusha, ikikaa mle ndani ya boksi Kenyatta Market inanuka moshi wa mbuzi. Na kichwani nawaza, hivi maprodyuza wetu wa Dar na Nairobi wanaolipia mafaili ya ngoma za Wamarekani mtandaoni wanajua hivi vitu vipo?

Tukaingia Mombasa yote sasa. Sal Davis, naye wa Mombasa, na Makini yake. Halafu mzee akanisimulia kuhusu Sina Raha, Hafusa Abasi na Slim Ali na Yahoos Band, hiyo siku ile haikuwepo, mzee akaniimbia yeye mwenyewe kipande, kapiga na meza. Matata nao, vijana wa Nairobi walioondoka miaka ya sabini wakaenda kujaribu bahati London na fanki yao. Patrick Balisidya na Afro 70 wa kwetu kabisa Tanzania, huyo nilimjua kwa Harusi kama kila mtu, ila sikuwahi kumsikiliza kwa sikio la fanki. Nimefika nyumbani nimemrudia Balisidya upya, lile gitaa, nikaona aibu.

Yule mdogo wa bibi harusi kachoka, anataka kula. Nikamwambia dakika tano. Imekuwa saa nzima na nusu.

Bei sasa, maana najua ndo mnachosubiri. Sitaandika namba kwa sababu hazina namba moja, inategemea ni sahani gani, ina hali gani, ni adimu kiasi gani, na 45 moja ya fanki ya Kenya inaweza kugharimu kuliko albamu nzima ya Mmarekani maarufu, kwa sababu hawa wetu wazungu wakusanyaji wamezinunua sana na zilizobaki ni chache. Hilo linaniuma. Nilichoacha pale kingetosha basi la kwenda na kurudi Dar na chakula cha njiani, ndo ile maksi niliyobana. Ila ukinipigia hesabu kwa kile nilichosikilizishwa bure ndani ya saa moja na nusu, mi ndo nina deni.

Tukatoka tukaenda kula. Kwa hiyo pale Kenyatta Market nilibeba sahani sita na kumaliza sahani moja, ya mbuzi, na kachumbari yake, na pilipili niliyoidharau.

Usafiri ndo somo. Sahani zisimamishe, usizilaze zikabebana, na usiziweke dirishani kwenye jua. Haya nayajua, niliambiwa pale dukani, nikaitikia kwa kichwa, halafu kwenye basi nimelala kuanzia Namanga mpaka nje ya Arusha na mfuko uko dirishani. Moja imepinda kidogo ukingoni, sindano ikifika pale inapanda kilima inashuka. Kosa langu mia kwa mia. Ni ya Slim Ali, kwa bahati mbaya iliyozidi zote, lakini inapiga.

Kitu kingine kimetokea palepale kwenye basi. Mzee aliponiaga aliniandikia kwenye risiti neno moja, Kothbiro, akasema tafuta hiyo, ya Black Savage, uniambie Mmarekani gani kaiiba. Namanga tunasubiri mihuri nikaitafuta kwenye simu. Kothbiro najua mnaijua kwa sauti ya Ayub Ogada na nyatiti yake, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo, ile iliyowekwa kwenye filamu ya The Constant Gardener 2005, Kijaluo, maana yake mvua inakuja. Sikujua kwamba kabla ya hapo Ogada, kwa jina la Job Seda, alikuwa kwenye hiyo bendi ya Black Savage miaka ya sabini na wimbo waliupiga wakiwa bendi kamili. Nikaisikiliza. Na ndani ya sekunde kumi yule mpelelezi ndani yangu akasimama, maana ile sauti nimeshaisikia kwa Kanye West, Yikes, 2018! Ni sampo ya Black Savage kabisa, na majina ya watunzi wa huku yameandikwa, kwa hiyo neno kuiba mzee kaonea kidogo, ila hoja yake nimeipata. Watu wa foleni ya uhamiaji walinitazama jinsi nilivyoruka.

Wasioweza kufika Nairobi kuna njia ya pembeni, ule mkusanyiko unaitwa Kenya Special uliotolewa na kampuni ya Soundway ya Uingereza mwaka 2013, nyimbo 32 za miaka ya sabini na themanini, Sina Raha imo, Makini imo, Afro 70 wamo, na Rift Valley Brothers na Mu Africa yao ambayo ni fanki ya kutisha, ukiipiga kwenye sherehe jiandae kuulizwa ni nani. Sauti imesafishwa, hakuna vitunguu. Ni kitu kizuri, nimekinunua na ninakipenda, ila ni sawa na kula mbuzi uliyeletewa nyumbani kwenye foili. Moshi haupo.

Na mashine nayo, kama unaanza, yale masanduku mazuri mazuri ya rangi yenye spika ndani yake achana nayo, nilikuwa nalo, sindano inakandamiza santuri kama jembe. Bora utafute mashine ya zamani iliyofanyiwa matengenezo na spika zako pembeni. Pale kwa Jimmy nilizikuta za kutosha, sikuweza kubeba, ndo safari ijayo.

Jumapili iliyofuata nilimwita mjomba nyumbani. Sasa hivi ana magoti mabovu, anatembea kwa fimbo, na tangu enzi za bugaluu hakuna aliyemwona akicheza. Sikumwambia ni nini, nikaweka tu Slim Ali, sindano ikapanda kile kilima, ikashuka, tarumbeta zikaingia. Mjomba akanyamaza. Akaweka kikombe chini. Akauliza huyu ni nani, nikamwambia wa Mombasa huyo mjomba, akasema muongo wewe. Wimbo ukaisha, kimya, ile tik tik ya mwisho wa sahani.

"Rudisha," akasema. Akavua viatu, akashika mgongo wa kochi, akamwambia mke wangu afunge mlango.